Wenzel, Václav, James: mtu mmoja, majina matatu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nimeolewa Marekani, tunaishi Cedar Rapids, Iowa. Ukoo wa mume wangu ni Wacheki waliohamia huku karne ya 19. Mavyaa wangu amenipa orodha ya makaburi yao yaliyoko shamba, iliyopigwa taipu na watu wa kanisani zamani, akaniomba niiingize kwenye kompyuta pamoja na picha za mawe. Nimekwama. Orodha inasema James, jiwe linasema Václav. Kuna mwanamke anaitwa Jana Novaka ambaye hakuna anayemjua. Tarehe nyingine hazilingani na picha. Nifuate orodha au jiwe? Na mawe yaliyofifia, naweza kuyasugua ili maandishi yaonekane?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Fuata jiwe, lakini orodha usiitupe. Aliyeipiga taipu aliyaona mawe kabla hayajala miaka hii yote ya mvua na barafu, kwa hiyo pale ambapo picha yako haionyeshi kitu, orodha yake ndiyo ushahidi uliobaki. Tatizo lake ni kwamba, kwa jinsi ulivyonieleza, alisoma herufi bila kujua Kicheki. Mtu wa namna hiyo hukosea kwa mtindo uleule kila mara. Ukishaujua mtindo wake unaweza kulifuata kosa kinyumenyume mpaka ufike kwenye maneno yaliyochongwa.

Tuanze na huyo Jana Novaka, maana ndiye mwepesi kuliko wote: hakuwahi kuwapo. Tafuta picha ya jiwe alikotolewa. Natarajia kabla ya jina lake utakuta neno manželka, yaani mke. Manželka Jana Nováka ni "mke wa Jan Novák". Sisi tunageuza maneno kwa mbele: mtoto, watoto, kitoto. Wacheki wanayageuza kwa nyuma, hata majina ya watu. Jan akiwa mwenye kitu anakuwa Jana, na Novák anakuwa Nováka. Mnakili aliona Jana, akajua ni jina la kike, kwa kuwa kweli jina hilo lipo, akamfungulia mstari wake kwenye orodha. Mtego huo huo uko kwa Josef, ambaye kwenye umiliki huwa Josefa, na kwa František, ambaye huwa Františka. Josefa na Františka nayo ni majina halali kabisa ya wanawake wa Kicheki wa enzi hizo. Kwa hiyo kila mwanamke wa orodha hiyo mwenye jina mojawapo kati ya haya matatu mtilie shaka mpaka umwone kwenye jiwe.

Jiwe lenyewe litakuamulia. Mwanamume "alizaliwa" ni narozen, mwanamke ni narozena. Mwanamume "alifariki" ni zemřel, mwanamke ni zemřela. Hiyo a ya mwisho ndiyo hati ya jinsia. Ubaya ni kwamba mafundi wa mawe walilipwa kwa herufi, wakapenda vifupisho, na nar. na zem. havisemi ni nani. Hapo angalia maneno mengine: otec ni baba, matka mama, syn mtoto wa kiume, dcera wa kike, manžel mume. Rodina ni familia, rodiče ni wazazi. Nayasema haya kwa sababu orodha za namna hii zina kawaida ya kuwa na marehemu anayeitwa Rodina au Otec, na pengine zaidi ya mmoja.

Makaburi ya watoto yana mtego wake. Jiwe litaandikwa, kwa mfano, syn Josefa a Anny Novákových, yaani mtoto wa kiume wa Josef na Anna, wa kina Novák. Mnakili asiyejua lugha ataona ukoo mpya, Novakovych, na mama anayeitwa Anny. Ukikuta kwenye orodha jina la ukoo linaloishia -ovych au -ych ambalo halionekani popote pengine, karibu kila mara ni kundi zima la familia, na jina la msingi limo ndani yake.

Kwa wanawake watu wazima, jina la ukoo huongezwa -ová: mke au binti wa Novák ni Nováková. Yakiwa majina yenye sura ya sifa, mwisho hubadilika tu, Veselý kwa mume, Veselá kwa mke. Kurudi nyuma kunahitaji uangalifu. Svobodová ni wa kina Svoboda, si Svobod. Procházková ni wa Procházka. Marková mara nyingi ni wa Marek, kwa sababu ile e ya katikati huanguka. Orodha yako imewaandika wengi kwa sura ya mume, kama Waamerika wafanyavyo, na si kosa, lakini wewe kwenye kompyuta weka nafasi mbili: jina kama lilivyochongwa, na jina la ukoo kama familia inavyolitumia leo. Ukiliweka moja tu, utakayemrithisha kazi hii hataweza kujua kama hiyo -ová ilikuwa kwenye jiwe au umeiongeza wewe kwa kujua sana. Na ukiona roz., kirefu chake rozená, hapo umeokota dhahabu: linalofuata ni jina la ukoo alikozaliwa mwanamke huyo. Nalo litakuwa na sura ya kike, kwa hiyo roz. Veselá maana yake baba yake alikuwa Veselý.

Sasa James. Wacheki walipofika Marekani, Václav halikuwa na jina la Kiingereza la kulitafsiri moja kwa moja. Kilatini chake ni Wenceslaus, jina la mtakatifu msimamizi wa Bohemia, yaani nchi ya Wacheki upande wa magharibi, lakini nani angemwita mkulima wa Iowa hivyo akiwa sokoni anauza nguruwe? Wengi wakajiita James, wengine Wesley, wengine wakabaki Wenceslaus kwenye hati za kanisa tu. Msitafute mantiki kati ya Václav na James, mtaumwa kichwa. Chukueni kama desturi iliyoenea. Vojtěch akawa Albert, na huyu ana sababu: Mtakatifu Vojtěch wa Praha alichukua jina la Adalbert alipopewa kipaimara, na Adalbert na Albert si mbali. František akawa Frank, Jiří akawa George, Vavřinec akawa Lawrence, Alžběta akawa Elizabeth. Ukumbuke pia kwamba nyumbani kwao, kabla ya kuvuka bahari, walikuwa raia wa dola ya Austria, na karani au padri mara nyingi aliandika Kijerumani. Kwa Kijerumani Václav ni Wenzel. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa Wenzel kwenye daftari la ubatizo, Václav kwenye kaburi lake na James kwenye sensa ya Marekani, na hakuna aliyedanganya popote.

Majina ya ukoo yaliumia zaidi kwa sababu ya vialama vya juu ya herufi. Wewe kama Mswahili una afadhali, kwa sababu sauti unazo: č ni ch yetu, š ni sh yetu. Karani wa sensa, Mwamerika aliyeandika kwa kusikia, alimwandika Čapek kama Chapek na Šimek kama Shimek. Mnakili wa makaburi, aliyeandika kwa kuona, alipoteza vialama akaandika Capek na Simek. Ukitafuta kwenye kumbukumbu tafuta sura zote mbili, ile ya sikio na ile ya jicho. Ř sina msaada nayo. Mimi nilisoma Chekoslovakia kwa miaka kadhaa, na bado naitamka vibaya. Na ukiona w mahali unapotarajia v, Wáclaw au Dworak, usiseme moja kwa moja ni athari ya Kijerumani. Uandishi wa Kicheki wenyewe ulitumia w mpaka yalipofanyika mabadiliko karibu na mwaka 1850, na mzee aliyejifunza kusoma kabla ya hapo aliendelea kuiandika alivyofundishwa, hata Iowa, hata mwaka 1880.

Tarehe ndipo ninapotaka ukae kitako. Wacheki huandika siku kwanza, kisha mwezi, kama sisi. Waamerika huanza na mwezi. Jiwe likisema zemřel 8. 12. 1879, mtu huyo alifariki tarehe 8 Desemba. Mnakili Mwamerika ataandika 12 Agosti. Siku ikizidi 12 kosa hili haliwezekani, ndiyo maana orodha yako ina tarehe sahihi nyingi na zile mbovu zimetawanyika bila mpangilio unaoonekana. Mpangilio upo: zote zitakuwa siku 12 au pungufu. Zichambue hizo peke yake kwanza, utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya hizo tofauti unazozilalamikia.

Mwezi ukiandikwa kwa herufi ni afadhali, isipokuwa sehemu moja. Juni ni června, Julai ni července. Hivyo ndivyo yanavyoandikwa ndani ya tarehe, na kwenye jiwe lililolika tofauti yake ni herufi chache tu za mwisho. Kikiwa kifupisho červ., hakuna anayeweza kuapa ni upi. Mingine haisumbui ukishakuwa na orodha ya miezi mkononi: ledna Januari, února Februari, března Machi, dubna Aprili, května Mei, srpna Agosti, září Septemba, října Oktoba, listopadu Novemba, prosince Desemba. Kuna mafundi waliotumia namba za Kirumi kwa mwezi, na kwa kweli wangefanya hivyo wote wangetupunguzia kazi.

Kuna kipimo cha kukagua. Mawe mengi ya karne ya 19 hayana tarehe ya kuzaliwa. Yana umri, kwa ukamilifu unaoshangaza: ve stáří 63 roků 4 měs. 12 dní, yaani akiwa na umri wa miaka 63, miezi 4 na siku 12. Chukua kifo cha tarehe 8 Desemba 1879. Ondoa miaka 63, unabaki na 8 Desemba 1816. Ondoa miezi 4, 8 Agosti. Ondoa siku 12, 27 Julai 1816. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa usomaji wa mnakili, 12 Agosti 1879: utaangukia 31 Machi 1816. Una tarehe mbili zilizopishana karibu miezi minne, na moja tu itapatikana kwenye daftari la ubatizo kule kijijini. Ubatizo ulifanyika siku ile ile au siku chache baadaye, kwa hiyo ukikuta mtoto amebatizwa 28 Julai 1816, umethibitisha mambo mawili kwa pigo moja: kwamba tarehe ya kifo ilisomwa kinyume, na kwamba huyo uliyempata ndiye. Vumilia tofauti ya siku moja au mbili, kwa sababu miezi haina urefu sawa na wafiwa walihesabu kwa vidole.

Lakini daftari la kijiji gani? Hapa ndipo jiwe linapokuwa na thamani kuliko karatasi nyingine yoyote ya Marekani, na ndipo wanakili wengi walipoharibu zaidi, kwa sababu waliuruka mstari huo wakidhani ni sala. Wahamiaji wa Kicheki wa mashambani walipenda kutaja walikozaliwa, wakati mwingine hadi kijiji na wilaya. Sensa za Marekani za miaka ile zitakuambia tu Bohemia au Austria. Hati za uraia za kabla ya 1906 nyingi hazikutaja mji. Kwa hiyo pitia picha zako zote kwa jambo hili moja kabla ya kufanya lingine lolote. Tafuta v au ve, yaani "katika", au z, yaani "kutoka", ikifuatwa na herufi kubwa.

Na hapo tena sarufi itakusumbua. Aliyezaliwa Praha ataandikwa v Praze. Tábor huwa v Táboře, Písek huwa v Písku, Plzeň huwa v Plzni, Lichnov huwa v Lichnově. Usitafute Písku kwenye ramani, hutaiona. U Písku ni "karibu na Písek", na kijiji chenyewe kitakuwa kimetajwa kabla yake. Okres ni wilaya, kraj ni mkoa. V Čechách si kijiji bali ni "katika Bohemia", na na Moravě ni "katika Moravia", nchi jirani upande wa mashariki, ingawa kuna orodha zitakazokuambia marehemu kadhaa walizaliwa kwenye mji wa Cechach. Jihadhari na kijiji kinachoitwa Lhota au Újezd, kwani viko vingi mno vyenye majina hayo; bila wilaya au parokia, hujapata kitu bado.

Ukishapata kijiji, kazi iliyobaki unaifanya umekaa nyumbani kwako. Madaftari ya parokia za Ucheki, matriky, yamewekwa kwenye mtandao na hifadhi za nyaraka za serikali za mikoa, bure: Třeboň kwa Bohemia ya kusini, Plzeň kwa magharibi, Brno na Opava kwa sehemu kubwa ya Moravia, na kadhalika. Tangu amri ya Kaisari Josef II ya mwaka 1784, mapadri walitakiwa kuyajaza kwa jedwali, na humo kuna namba ya nyumba, wazazi, dini na wasimamizi wa ubatizo. Hiyo namba ya nyumba ishike sana. Kijiji kinaweza kuwa na kina Novák watano, na karibu kila kijiji kinao maana ndilo jina la ukoo lililozagaa kuliko yote, lakini ni mmoja tu aliyekaa nyumba namba 14.

Kwa upande wa Iowa una vyanzo vinavyoziba mapengo, na vingine ni vya hapo tu. Serikali ya jimbo ilianza kuandikisha vifo mwaka 1880, na miaka ya mwanzo wengi hawakuandikishwa. Mtu wetu wa mfano wa 1879 hana cheti. Ana jiwe na labda daftari la parokia. Sensa ya taifa ya 1890 karibu yote iliharibika kufuatia moto wa mwaka 1921, kwa hiyo kuna shimo la miaka ishirini kati ya 1880 na 1900. Sensa ya 1900 inalipa deni hilo kidogo: iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, na kwa kila mama, watoto wangapi alizaa na wangapi wako hai. Hapo ndipo utakapojua kama kuna makaburi ya watoto usiyoyaona. Mama akisema alizaa 9 na walio hai ni 5, na wewe una mawe mawili ya watoto, tafuta mengine mawili, au ukubali kwamba yalikuwa misalaba ya mbao iliyooza. Kisha usiikose sensa ya jimbo la Iowa ya 1925, iliyouliza majina ya wazazi wa kila mtu pamoja na ukoo wa mama alikozaliwa. Majimbo mengine wangetoa pesa kuwa na kitu kama hicho.

Ukitafuta babu usimwone kwenye makaburi ya kanisa, vuka barabara. Wacheki wahamiaji hawakuwa Wakatoliki wote. Kundi kubwa lilijiita svobodomyslní, watu wa fikra huru, waliovunja uhusiano na kanisa, na kundi lingine lilikuwa la Waprotestanti. Chicago mwaka 1877 watu wa fikra huru walianzisha makaburi yao, Makaburi ya Kitaifa ya Kibohemia, baada ya padri kukataa kumzika mwanamke mmoja Mcheki kwenye makaburi ya Kikatoliki. Mashambani ugomvi ulikuwa huo huo kwa sauti ndogo zaidi, na mara nyingi kijiji kimoja kilikuwa na makaburi mawili au matatu. Alama zitakuonyesha uko kwa nani. Msalaba na zde v Pánu odpočívá, "hapa anapumzika katika Bwana", ni lugha ya waumini. Kikombe cha ushirika kilichochongwa, kalich, ni Waprotestanti, wanaojihesabu warithi wa Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyetaka kulirekebisha kanisa. Jiwe lisilo na msalaba, lenye shairi, au lenye herufi Č.S.P.S. au Z.Č.B.J., ni la chama cha kusaidiana. Cha kwanza kilianzishwa St. Louis mwaka 1854, cha pili Omaha mwaka 1897, na hiki cha pili makao makuu yake yakawa hapo hapo mnapoishi, Cedar Rapids. Vyama hivi vililipa fedha za msiba kwa wajane, hivyo viliandika umri wa mwanachama na warithi wake. Familia ikiwa na cheti cha chama kwenye sanduku la zamani, muombe mavyaa akuonyeshe kabla ya kwenda mbali.

Jambo moja ambalo watu hulivutia hadithi kuliko linavyostahili ni pale Kicheki kinapokoma na Kiingereza kuanza. Iowa kuna sababu inayovutia macho: mwezi Mei 1918, gavana William Harding alitoa tangazo la kukataza lugha za kigeni shuleni, hadharani, kwenye simu na hata kanisani. Lilikuwa limewalenga hasa Wajerumani, lakini Wacheki, ambao walikuwa upande wa Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na wakiomba nchi yao itoke mikononi mwa Austria, nao wakajikuta wamefungwa midomo. Lilifutwa Desemba mwaka huo huo. Sasa ukikuta jiwe la baba la 1915 ni la Kicheki na la mama la 1921 ni la Kiingereza, utashawishika kumlaumu gavana. Mimi ningeangalia kwanza nani aliyelipia jiwe. Mwaka 1921 aliyekwenda kwa fundi alikuwa mtoto aliyezaliwa Iowa, aliyesoma kwa Kiingereza. Na mawe ya Kicheki yaliendelea kusimikwa baada ya hapo.

Jiwe lenyewe, yaani mali yake, lisome pia. Karne ya 19 mengi yalikuwa marumaru nyeupe, ambayo mvua huila. Matale, yaani mawe ya graniti, yaliyosuguliwa yaking'aa yalienea kuelekea mwisho wa karne ile na baada yake. Ukiona tale linalong'aa lenye kifo cha 1872, jua kwamba liliwekwa baadaye na watoto au wajukuu, na tarehe zake ni kumbukumbu ya familia, hazikutoka kwa walioshuhudia msiba. Zipe uzito mdogo zaidi. Pia jina lenye tarehe ya kuzaliwa na nafasi tupu ya kifo halina maana mtu huyo yupo chini hapo. Mara nyingi mjane aliolewa tena akazikwa kwingine. Kaskazini mwa jimbo, Spillville, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Václav lililojengwa mwaka 1860, kuna misalaba ya chuma cha kusubu iliyotengenezwa na fundi wa maeneo hayo, Charles Andera, na kazi zake zilisafiri hadi majimbo jirani. Kama kwenye makaburi yenu kuna misalaba ya namna hiyo, piga picha bamba la maandishi kwa karibu, kwa sababu chuma hupakwa rangi kila baada ya miaka na rangi hujaza herufi. Mkienda Spillville mtaambiwa habari za Dvořák, mtunzi wa muziki aliyepumzika huko kiangazi cha 1893 na kupiga kinanda cha kanisa hilo. Msikilize, ni kweli, kisha mrudi makaburini.

Namna ya kuingiza kwenye kompyuta: kila kaburi lipewe namba ya safu na nafasi yake, kwa sababu majirani ni ushahidi. Andika maneno ya jiwe herufi kwa herufi, na vialama vyake, na mistari yake, usisahihishe hata lililo kosa wazi. Pembeni andika usomaji wako kwa lugha unayotaka. Pembeni tena, orodha ya zamani ilisema nini. Mahali pasipoonekana weka mabano matupu, usikisie. Huyo Jana Novaka naye usimfute. Mwachie mstari wake na maelezo kwamba ametokana na usomaji wa manželka Jana Nováka, maana kesho mtu atamkuta kwenye nakala nyingine ya orodha ile na kuanza kumtafuta upya. Ukikwama kwenye neno, Makumbusho na Maktaba ya Taifa ya Wacheki na Waslovaki iko hapo Cedar Rapids, na wahudumu wa maktaba yake wamezoea maswali ya aina hii.

Kuhusu kusugua: hapana. Wala chaki, wala unga, wala povu la kunyolea, wala dawa ya kufulia yenye klorini, wala brashi ya waya. Vyote hivyo huonyesha herufi leo na kula jiwe baadaye, na marumaru haina cha kupoteza. Mwanga ndio unaosoma. Nenda asubuhi mapema au jioni jua likiwa limelala, au chukua kioo kikubwa umulike jiwe kutoka ubavuni, na herufi zisizoonekana adhuhuri zitajitokeza zenyewe. Piga picha kutoka pembe kadhaa. Kama kuna kuvu inayozuia kabisa, omba kwanza ruhusa kwa wasimamizi wa makaburi, kisha tumia maji matupu na brashi laini ya nailoni, ukianza chini kwenda juu, na ukiona chembe za jiwe zinabaki mkononi acha hapo hapo. Mawe yaliyolegea au yaliyoinama usiyaegemee, na usimwache mtoto ayachezee. Ni mazito kuliko yanavyoonekana.